Uparamediki Uingereza: Uchague Shahada Ipi?

Barua kadhaa za toleo hili zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: anayetaka kuwa paramediki, yule mtaalamu wa afya anayemfuata mgonjwa kwa ambulensi, akampima na kumtibu palepale alipo, asome shahada ipi? Walioandika wako Uingereza au wanataka kwenda huko, kwa hiyo tumejibu kwa taratibu za huko, hasa England. Viwango vya fedha ni vya mwaka 2025/26.

Chuo kikuu au uanagenzi?

*Assalaam alaykum. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa A-level, mitihani ya kumaliza sekondari, hapa Leicester na moyo wake uko kwenye ambulensi. Walimu wanamtaka aombe shahada ya miaka 3 chuo kikuu. Baba yake ameona tangazo la uanagenzi: unaajiriwa, unalipwa, na bado unamaliza na shahada. Kila jioni nyumbani ni mjadala. Kipi bora? (Mama wa watoto watatu, Leicester)*

Wa alaykum salaam, mama. Kwanza tuwatoe hofu: shahada zote mbili, zikiwa zimeidhinishwa, zinamfikisha mahali pamoja, yaani kwenye rejesta ya HCPC, baraza linalosimamia paramediki na taaluma nyingine kadhaa za afya Uingereza nzima. Sheria inalilinda jina la kazi hii, na asiyekuwemo kwenye rejesta haruhusiwi kulitumia. Rejesta nayo haiandiki kama mtu alisoma kwa mkopo au kwa mshahara. Tangu Septemba 2021 HCPC haikubali tena kozi za chini ya shahada kupokea wanafunzi wapya, hivyo zile stashahada ambazo paramediki wengi wa zamani walisoma si njia tena.

Kabla ya kulinganisha chochote, fungueni orodha ya kozi zilizoidhinishwa kwenye tovuti ya HCPC. Tafuteni jina la chuo, jina kamili la kozi na namna inavyosomwa. Fanyeni hivyo hata kama chuo ni kikubwa, kwa sababu majina ya kozi yanafanana mno. Kuna shahada za huduma za dharura au sayansi ya afya ambazo ni shahada halali kabisa, ila mwisho wake mhitimu hawezi kusajiliwa kuwa paramediki. Kuna pia kozi fupi za kukamilisha shahada, nazo ni za watu ambao tayari ni paramediki wenye stashahada. Kijana wa miaka 18 akiingia huko kwa kudanganywa na jina, atakuwa amepoteza mwaka na ada.

Sasa tofauti zenyewe. Chuo kikuu cha England kinatoza £9,535 kwa mwaka kwa mwanafunzi anayehesabiwa kuwa mwenyeji. Ada hiyo hulipwa kwa mkopo wa serikali. Juu yake, mwanafunzi wa uparamediki anayestahiki hupata £5,000 kila mwaka kutoka NHS Learning Support Fund, mfuko wa NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza), fedha ambazo hazirudishwi. Akiwa na mtoto anayemtegemea anaweza kuomba £2,000 zaidi. Msaada huu haujileti wenyewe. Unaombwa kila mwaka, mbali na maombi ya mkopo, na wapo wanaoukosa kwa kudhani fomu moja inatosha.

Kwa upande wa uanagenzi, mwajiri, ambaye kwa kawaida ni huduma ya ambulensi ya NHS ya eneo lenu, ndiye anayebeba ada na kumlipa mwanagenzi mshahara. Ni njia nzuri sana, ila baba yake aelewe kwamba tangazo haliko wazi kwa kila mtu nyakati zote. Huduma nyingine za ambulensi hutoa nafasi hizo kwa wafanyakazi wao wa ndani kwanza, wale wasaidizi wa ambulensi ambao wameshafanya kazi kwa muda. Nyingi hudai leseni ya kuendesha gari, na mara nyingi ile ya daraja C1 tutakayoieleza mwishoni. Binti wa miaka 18 asiye na leseni atapita kwenye tundu dogo.

Halafu kuna uzito wa maisha yenyewe. Mwanagenzi hufanya zamu za saa 12, usiku na mchana, wikendi na sikukuu, na katikati yake anaandika kazi za chuo za kiwango kilekile cha wenzake. Wanaoshindwa huko mara nyingi hawashindwi mbele ya mgonjwa. Wanashindwa kwenye famakolojia, yaani elimu ya dawa, na kwenye insha. Zamu inatakiwa kuisha saa 1 jioni, simu inaingia saa 1 kasoro dakika 10, mtu anafika nyumbani saa 4 usiku, na siku aliyopanga kusoma inaliwa na usingizi. Anayetokea moja kwa moja shuleni hajajua bado mwili wake unavyostahimili zamu za usiku.

Mwanafunzi wa chuo kikuu naye ana mtego wake: mafunzo kwa vitendo. Katika uuguzi, sheria inataka saa 2,300 za mafunzo hayo. Kwa paramediki HCPC haikuweka idadi, inaangalia tu kama mhitimu anafikia viwango vya umahiri. Kwa hiyo vyuo vinatofautiana. Siku ya kutembelea chuo, muulize mkufunzi mambo haya bila haya: wanafunzi wanapata saa ngapi kwenye ambulensi yenyewe, na ngapi hospitalini? Wanaingia chumba cha upasuaji kujifunza kulinda njia ya hewa, na wodi ya uzazi? Kila mwanafunzi anapewa paramediki mmoja wa kumfuata, au anarushwa kila zamu kwa mtu mwingine? Jibu la swali hili la mwisho lina uzito kuliko nafasi ya chuo kwenye jedwali la magazeti. Anayefuatwa na msimamizi yuleyule hurekebishwa kosa lilelile hadi liishe, ilhali anayebadilishiwa kila zamu hujitambulisha upya na kuishia kubeba begi. Ulizeni pia wahitimu wa mwaka uliopita wangapi wameajiriwa na huduma ya ambulensi ya eneo hilo, maana shahada haimhakikishii mtu kazi. Hapo mwanagenzi ana faida, kwani mwajiri anaye tayari.

Ushauri wetu kwa binti huyu: aombe chuo kikuu sasa, na uanagenzi auombe pia ukitangazwa, kwani njia moja haifungi nyingine. Maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu vya Uingereza; hufungwa katikati ya Januari (kwa wa kuanza 2026, tarehe ya mwisho ni 14 Januari 2026, saa 12 jioni), na anaweza kuchagua kozi 5. Tungeweka 4 za uparamediki na ya 5 iwe ile yenye mwaka wa maandalizi, kama alama zake zinayumba. Vyuo vingi huomba alama za UCAS kati ya 112 na 128, pamoja na GCSE (mitihani ya sekondari inayofanywa kabla ya A-level) za Kiingereza, hesabu na sayansi kuanzia daraja 4.

Maelezo binafsi ya UCAS sasa ni majibu ya maswali 3, herufi 4,000 kwa jumla. Asiandike kwamba anapenda kusaidia watu na kwamba king'ora kinamsisimua; wasomaji wa maombi hukutana na sentensi hizo kutwa. Aandike aliyoyafanya: kujitolea St John Ambulance, shirika la hisani la huduma ya kwanza, kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kumtunza bibi mwenye kisukari, na alichojifunza kuhusu kusema na mtu aliyeogopa. Akiitwa kwenye usaili ajiandae pia kwa jaribio la mwili. Kupanda na kushuka kijukwaa kwa mdundo unaoongezeka kasi ni jaribio la kawaida, na wiki 6 za mazoezi ya kupanda ngazi zinatosha kumtofautisha na asiyejiandaa.

Mkopo na riba

*Mimi ni Mwislamu, nina miaka 20, na mkopo wa wanafunzi una riba. Je, nimefungiwa mlango wa shahada hii? (Kijana, Luton)*

Hukumu ya kidini muulize shehe unayemwamini. Sisi tunaweza kukueleza fedha zinavyokwenda. Walioanza masomo England kuanzia Agosti 2023 wako kwenye mpango wa 5. Deni linaongezeka kwa kiwango cha mfumuko wa bei, RPI. Unaanza kulipa mapato yako yakizidi £25,000 kwa mwaka, na unakatwa 9% ya kile kilichozidi tu. Deni lililobaki linafutwa baada ya miaka 40. Paramediki mpya huanza daraja la 5 la mishahara ya NHS, £31,049. Kilichozidi ni £6,049, na 9% yake ni kama £544 kwa mwaka, yaani £45 hivi kwa mwezi. Akipanda daraja la 6, linaloanzia £38,682, makato yanakaribia £103 kwa mwezi.

Sheria ya mwaka 2017 iliipa serikali uwezo wa kuanzisha mkopo unaofuata sharia ya Kiislamu, lakini hadi tunaandika haya haujaanza kutolewa. Usiahirishe maisha yako kwa kuungoja.

Uanagenzi hauna mkopo wowote, na kwa mtu wa hali yako ndiyo njia tunayoipendelea. Wewe una miaka 20, unaweza kuijenga hatua kwa hatua: leseni ya gari dogo, kisha C1, kisha uombe kazi ya usaidizi wa ambulensi kwenye East of England Ambulance Service au kwa majirani zake, kisha uanagenzi kutoka ndani. Itachukua muda mrefu kuliko miaka 3, lakini utakuwa unalipwa muda wote.

Njia nyingine inayosahaulika ni Wales. Huko kozi hii inafundishwa Swansea na Wrexham, na NHS Wales Bursary hulipa ada yote kwa anayekubali kufanya kazi Wales miaka 2 baada ya kuhitimu. Hata anayetoka England anaweza kuomba. Asiyetimiza ahadi hiyo hudaiwa fedha zirudi, kwa hiyo usome mkataba kabla ya kutia saini. Scotland nayo ina posho ya £10,000 kwa mwaka kwa wanafunzi wa uparamediki, ila inawahusu wanaofadhiliwa na SAAS, wakala wa fedha za wanafunzi wa Scotland, ambao kimsingi ni wakazi wa Scotland.

Nina shahada ya Lubumbashi

*Nilimaliza shahada ya biolojia Lubumbashi. Sasa nina hadhi ya ukimbizi, naishi Sheffield na nahudumia wazee. Rafiki ananiambia nisome shahada ya uzamili ya miaka 2, nisirudie shahada ya kwanza. Ni kweli inawezekana? (Kaka wa Sheffield)*

Inawezekana, kaka. Baadhi ya vyuo vina shahada ya uzamili ya uparamediki kwa watu wenye shahada ya kwanza ya fani nyingine, na biolojia ni mojawapo ya zinazotazamwa vizuri. Inakuokolea mwaka mmoja. Haikupi mshahara mkubwa zaidi wa kuanzia, kwani wote huanza daraja la 5. Tunaisema hiyo kwa sababu wapo wanaoichagua wakidhani watawaruka wenzao kimshahara.

Hatua yako ya kwanza ni kupata taarifa ya ulinganisho kutoka UK ENIC, inayoonyesha shahada yako ni sawa na kiwango gani cha Uingereza. Vyeti vikiwa kwa Kifaransa, uwe tayari kuvitafsirisha kwa mtafsiri anayetambuliwa. Hatua ya pili ni Kiingereza: IELTS ya kitaaluma yenye wastani wa 7.0 bila sehemu kushuka chini ya 6.5 ni sharti la kawaida. Chuo kikidai GCSE za hesabu na Kiingereza, uliza kama wanakubali Functional Skills ya ngazi ya 2. Ni mtihani mfupi zaidi, na vyuo vya jamii huufundisha bure kwa watu wengi wazima.

Penye hatari kwako ni mkopo. Aliyenayo shahada tayari, hata ya nje ya Uingereza, huwekewa masharti mengine anapoomba mkopo wa shahada ya ngazi ileile. Kozi kadhaa za afya zimesamehewa sharti hilo, na kozi za uzamili zina kanuni zake. Usikubali kujibiwa kwa simu. Iandikie Student Finance, ofisi ya mikopo ya wanafunzi, jina kamili la kozi, chuo na ngazi yake, uwaambie una shahada gani, na uhifadhi jibu lao kabla hujakubali nafasi. Upande mwingine uko vizuri: mtu mwenye hadhi ya ukimbizi halazimiki kungoja ile miaka 3 ya ukazi inayodaiwa kwa wengine.

Jambo jingine ni ukaguzi wa rekodi za polisi. Kila mwanafunzi hupitia ule wa DBS wa ngazi ya juu, lakini huo hutazama rekodi za Uingereza, na chuo kinaweza kukuomba pia cheti cha polisi wa nchi ulikotoka. Tafadhali usiende ubalozi wa nchi uliyoikimbia kwa ajili ya karatasi hiyo. Kieleze chuo hali yako kwa maandishi, ambatanisha uthibitisho wa hadhi yako, na uombe njia mbadala, kama kiapo mbele ya wakili au barua za waajiri. Na kazi yako ya kuhudumia wazee usiidharau kwenye maombi. Sehemu kubwa ya simu za ambulensi ni wazee walioanguka, wenye pumzi fupi au waliochanganyikiwa kwa maambukizi ya mkojo, na wewe unawajua kuliko mwombaji mwingine aliyetoka shule.

Wakala ananiahidi kazi ya ambulensi

*Mimi ni EMT, mhudumu wa tiba ya dharura, hapa Mombasa. Wakala mmoja ananiambia nilipe, atanitafutia shahada Uingereza na nitakuwa nafanya kazi ya paramediki nikisoma. Karo atanieleza baadaye. Nimwamini? (Msomaji, Mombasa)*

Usimpe hata shilingi, ndugu yetu. Mwenye viza ya mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, hawezi kuwa mwanagenzi, na hakuna mtu anayefanya kazi ya paramediki kabla ya kusajiliwa na HCPC. Zamu za mafunzo kwa vitendo hazilipwi. Fedha za NHS tulizozitaja juu na mikopo ya serikali havimhusu mwanafunzi wa kimataifa, naye hutozwa ada ya kimataifa, ambayo iko juu sana kuliko hiyo £9,535. Ongeza malipo ya afya ya £776 kwa kila mwaka wa viza, na fedha za kujikimu za hadi miezi 9 ambazo lazima zikae benki siku 28 mfululizo kabla ya kuomba. Zaidi ya hayo, vipo vyuo ambavyo havipokei wanafunzi wa kimataifa kabisa kwenye kozi hii, kwa kuwa nafasi kwenye ambulensi ni chache. Uliza chuo chenyewe kwa barua pepe yake rasmi, na ada, kama utafika huko, uilipe kwenye akaunti ya chuo.

Ukiwa tayari EMT, chunguza pia njia ya HCPC ya waombaji wa kimataifa. Wao hulinganisha silabasi na uzoefu wako na viwango vyao, mada kwa mada. Mafunzo ya msingi ya EMT kwa kawaida hupungukiwa na usomaji wa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya pande 12, dawa za kupitia mshipani na ulinzi wa njia ya hewa wa hali ya juu. Omba chuo chako sasa hivi silabasi iliyopigwa muhuri, yenye idadi ya saa za kila somo. Karatasi hiyo ni rahisi kuipata mtu akiwa nyumbani kuliko akiwa ng'ambo.

Na kama shabaha yako ni shahada yenye uzito barani kwetu, itazame Afrika Kusini. Shahada ya miaka 4 ya Emergency Medical Care hufundishwa Cape Peninsula University of Technology, Durban University of Technology, University of Johannesburg na Nelson Mandela University, na mhitimu husajiliwa na HPCSA, baraza la taaluma za afya la huko. Ina kitu ambacho shahada za Uingereza hazina kwa kiwango hicho: uokoaji wa kamba, wa majini na wa magari yaliyogongana. Usaili wake una majaribio ya nguvu na ya kuogelea, na mtu anayeogopa urefu au sehemu finyu hugunduliwa mapema.

Leseni ya Tanzania na C1

*Nimeendesha lori Dar es Salaam miaka mingi. Sasa naishi Milton Keynes, nataka kuomba ambulensi. Leseni yangu inatosha? (Baba Zuhura)*

Haitoshi, mzee wetu. Leseni ya Tanzania, kama ya Kenya, haibadilishwi moja kwa moja. Ukishakuwa mkazi unaweza kuitumia kwa gari dogo kwa miezi 12 tu, kisha lazima uwe umefaulu mitihani ya Uingereza.

Ambulensi nyingi zina uzito unaozidi kilo 3,500, ndiyo maana inadaiwa C1, inayofika hadi kilo 7,500. Pata kwanza leseni kamili ya gari dogo. Kisha tuma DVLA, mamlaka ya leseni za udereva, fomu D2 pamoja na D4, ambayo hujazwa na daktari baada ya kukupima macho, shinikizo la damu na historia ya kisukari au kifafa. Ikirudi leseni ya kujifunzia, kuna nadharia: maswali 100, kufaulu ni 85, na video za kutambua hatari, ambazo kufaulu ni 67 kati ya 100. Baadaye ndipo majaribio ya vitendo. Madereva wazoefu wa lori hukwama kwenye video za hatari: wanabofya wakiwa wameshaiona hatari imekomaa, wakati mtihani unataka ubofye inapoanza tu kuchipuka. Fanya mazoezi ya video hizo jioni kadhaa kabla ya kulipia mtihani. Mafunzo ya kuendesha kwa taa za buluu na king'ora usiyanunue mahali popote. Mwajiri ndiye atakayekupa.